Ufahamu na Ufupisho: Habari ya Mashine za Zamani za Michezo ya Video

MALENGO YA SURA

Baada ya kusoma sura hii na kufanya mazoezi yake, utaweza:

1. kutofautisha wazo kuu na maelezo yanayolisaidia;
2. kutambua sababu ya kweli ya jambo na sababu inayodhaniwa tu;
3. kutenganisha msimamo wa mwandishi na maoni ya watu anaowataja;
4. kufupisha habari ndefu kwa idadi ya maneno uliyopewa.

UTANGULIZI

Ufahamu ni uwezo wa kusoma au kusikiliza habari, kuielewa, na kueleza ulichokielewa kwa maneno yako mwenyewe. Ufupisho ni kuandika habari hiyo kwa maneno machache bila kupoteza wala kubadili mawazo yake makuu. Stadi hizi mbili huenda pamoja, kwa sababu huwezi kufupisha usichokielewa.

Watahiniwa wengi hushtuka wanapokuta kifungu kinachozungumzia jambo wasilolijua. Usiogope. Mtungaji wa mtihani hapimi kama unalijua jambo hilo. Anapima kama umesoma. Kila jibu limo ndani ya habari. Kwa kweli aliye katika hatari zaidi ni mtahiniwa anayelijua jambo, kwa kuwa hujibu kwa yale aliyoyasikia mitaani badala ya yale yaliyoandikwa.

Kwa sababu hiyo tumechagua habari inayohusu kompyuta na mashine za michezo ya video za miaka ya 1970 hadi 1990, ambazo huenda hujawahi kuziona. Isome kwa utaratibu huu:

Hatua ya kwanza: Soma habari yote mara moja bila kusimama, upate picha ya jumla.
Hatua ya pili: Soma maswali yote, ujue unatafuta nini.
Hatua ya tatu: Soma habari tena polepole. Kando ya kila aya andika kwa penseli maneno matatu au manne yanayobeba wazo lake.
Hatua ya nne: Jibu maswali, na kwa kila jibu jiulize, "Limetoka aya ya ngapi?" Ukikosa aya, jibu hilo umelitunga.

HABARI

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani ilianza kuuza Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya video iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani. Msingi wake ulikuwa kazi ya mhandisi Ralph Baer, aliyetaka televisheni ifanye zaidi ya kutazamwa tu. Mwaka 1976 ikaja Channel F ya kampuni ya Fairchild, ambayo uundaji wake uliongozwa na mhandisi Mmarekani mweusi, Jerry Lawson. Mashine hiyo ilitumia katriji, yaani kisanduku kidogo cha plastiki chenye chipu iliyohifadhi mchezo. Tangu hapo mtu aliweza kununua mashine moja na kuibadilishia michezo kadiri alivyotaka. Mwaka uliofuata ilitoka mashine ya Atari iliyojulikana baadaye kama Atari 2600. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu. Kwa hesabu ya baiti moja kwa kila herufi, isingetosha kubeba hata sentensi mbili za mwanzo za aya hii.

(2) Biashara ilikua upesi kuliko ubora. Kufikia mwaka 1983 maduka ya Marekani yalifurika michezo isiyonunulika, na soko likaanguka. Mwaka huohuo Atari ilifukia shehena ya katriji katika dampo la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Baadhi yake zilifukuliwa mwaka 2014, na zimo zilizoingia makumbusho. Wakati soko la Marekani likianguka, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa nyumbani kwake mashine iliyoitwa Famicom. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 ilipewa umbo jingine na jina la NES.

(3) Leo wako watu, hasa huko Japani, Ulaya na Marekani, wanaokusanya na kuzifufua mashine hizo. Wakikutana, mazungumzo hayaishi. Gumzo mojawapo ni la kupuliza katriji. Katriji ya NES iliingizwa kwa mbele kisha ikabonyezwa chini. Kadiri mashine ilivyotumika, pini zake zililegea zisiishike katriji sawasawa. Mashine ilikuwa na chipu ya ulinzi iliyopaswa kuwasiliana na chipu nyingine iliyomo kwenye katriji. Mawasiliano yakikatika, mashine ilijizima na kujiwasha tena na tena, na taa yake nyekundu ikawa inapepesa. Watoto waliitoa katriji, wakaipuliza, wakairudisha. Mara nyingi ilifanya kazi. Basi kizazi kizima kikaamini kwamba pumzi ndiyo dawa. Ukweli ni kwamba kilichosaidia ni ule mkono uliotoa na kurudisha, kwani pini zilipata nafasi ya kugusana upya. Pumzi ilileta unyevu, na unyevu huleta kutu. Nintendo yenyewe iliwaonya wateja wasipulize. Siku hizi wapenzi wa mashine hizi husafisha pini kwa pamba na spiriti.

(4) Gumzo la pili ni la betri. Mchezo wa The Legend of Zelda ulipouzwa Marekani mwaka 1987, katriji yake ilikuwa na betri ndogo ndani. Kazi ya betri hiyo ilikuwa kulisha umeme sehemu ya kumbukumbu iliyohifadhi jina la mchezaji na hatua alizofikia, ili asianze upya kila siku. Betri haidumu milele. Ikifa, mchezo wenyewe bado unachezeka, lakini jina na hatua hupotea. Kuibadilisha kuna hatari ileile, kwa kuwa betri ya zamani ikitolewa umeme hukatika na kila kilichohifadhiwa hufutika, isipokuwa kama kilinakiliwa kwanza kwenye kompyuta. Ndiyo maana wapo wanaosita. Ndani ya kisanduku kile huenda mna jina la kaka au dada aliyecheza utotoni na sasa hayupo. Lakini kusita hakuokoi kitu: betri itakufa tu, na siku hiyo haitatoa taarifa.

(5) Mashine zenyewe nazo zina adui wa ndani. Nyingi zina kapasita zenye majimaji, vifaa vidogo vinavyohifadhi na kutuliza umeme. Baada ya miaka mingi majimaji hayo huvuja na kutafuna njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme kwenye bodi. Game Gear, mashine ya mkononi iliyotolewa na kampuni ya Sega mwaka 1990, inafahamika sana kwa tatizo hili. Ubaya wake ni kwamba uvujaji hausubiri mashine itumike. Mtu anaweza kuifunga ndani ya boksi ikiwa nzima, akaifungua baada ya miaka ishirini akaikuta imekufa. Kabati si hospitali. Anayetaka mashine yake iishi hana budi kuifungua na kubadilisha kapasita kabla hazijaharibu bodi.

(6) Gumzo linalozua ubishi mkali zaidi ni hili: je, mashine halisi bado zinahitajika? Zipo programu zinazoifanya kompyuta ya leo iige mashine ya zamani, nazo huitwa emuleta. Mwaka 1997, kwa mfano, Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa programu ya MAME, inayoiga mashine za kumbi za michezo. Wanaoziunga mkono programu hizi husema kwamba plastiki na shaba vitaoza, lakini nakala ya mchezo inaweza kuwekwa mahali elfu moja. Wanaozipinga husema kwamba mchezo si nakala tu. Hutoa mfano wa Duck Hunt, mchezo wa NES uliotumia bunduki ya mwanga. Mchezaji akifyatua, skrini huwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe hutokea mahali alipo bata, na bunduki huangalia kama inauona mwanga huo. Hesabu ya muda ilipangwa kwa ajili ya televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, maarufu kama televisheni za chogo. Televisheni bapa za leo huchelewa kidogo kuonyesha picha, kwa hiyo bunduki haioni kitu hata mchezaji akilenga vizuri.

(7) Pande zote mbili zina hoja, ila wakati hausubiri ubishi uishe. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Mchezo usiouzwa, usionakiliwa, na ambao mashine yake imekufa, ni mchezo uliopotea. Mashine bila nakala itazeeka, na nakala bila mashine itakuwa pungufu. Kinachohitajika ni vyote viwili, pamoja na watu wanaojua kwa nini kila kifaa kiliwekwa pale kilipo.

MASWALI

(a) Andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano kinachofaa kwa habari uliyosoma.
(b) Kwa nini watoto waliamini kwamba kupuliza kunaiponya katriji?
(c) Je, mwandishi anakubaliana na imani hiyo? Thibitisha jibu lako kwa hoja mbili.
(d) Eleza tofauti mbili kati ya madhara ya kufa kwa betri na madhara ya kuvuja kwa kapasita.
(e) Mwandishi ana maana gani anaposema, "Kabati si hospitali"?
(f) Kwa nini bunduki ya mwanga haifanyi kazi kwenye televisheni bapa?
(g) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (i) yalifurika (ii) wanaosita (iii) kutafuna.
(h) Msimamo wa mwandishi ni upi kuhusu ubishi unaoelezwa katika aya ya 6?
(i) Fupisha aya ya 3 hadi ya 7 kwa maneno yasiyopungua 80 na yasiyozidi 100.

Funika majibu yaliyo hapa chini. Jibu kwanza, ndipo ulinganishe.

MAJIBU NA MAELEZO

(a) Kichwa kinachofaa: Uhifadhi wa Mashine za Michezo.

Kichwa cha habari kinapaswa kufunika habari yote. "Historia ya Nintendo" hakifai, kwa kuwa Nintendo ni kampuni moja tu kati ya zilizotajwa. "Kupuliza Katriji" ni wazo la aya ya 3 peke yake. Ili kupima kichwa ulichotunga, kiweke juu ya kila aya na uulize kama kinaihusu. Kikikataa aya mbili au tatu, kibadilishe. Tena, hesabu maneno: "wa" na "za" nayo ni maneno.

(b) Waliamini hivyo kwa sababu mara nyingi mashine ilifanya kazi baada ya wao kuitoa katriji, kuipuliza na kuirudisha.

Jibu dhaifu: "Kwa sababu kupuliza kunaondoa vumbi." Huenda ukaliona lina mantiki, lakini vumbi halikutajwa popote katika aya hiyo. Hapa ndipo mtahiniwa anapokosa alama kwa kujibu kutoka kichwani mwake.

(c) Hapana, mwandishi hakubaliani nayo. Kwanza, anaeleza kwamba kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha katriji, jambo lililofanya pini zigusane upya. Pili, anaeleza kwamba pumzi ilileta unyevu ambao huleta kutu. (Onyo la Nintendo pia linakubalika kama hoja.)

Jifunze jambo kubwa katika swali hili. Watoto walifanya mambo matatu kwa mfuatano: kutoa, kupuliza, kurudisha. Baada ya hapo mashine ikafanya kazi. Wakachukua jambo moja kati ya matatu na kuliita sababu. Jambo linalotangulia matokeo si lazima liwe sababu ya matokeo hayo. Katika mitihani utakutana na vifungu vinavyotaja imani ya watu kisha kuikanusha. Maneno yanayoashiria mgeuko huo ni kama "ukweli ni kwamba", "kumbe", "hata hivyo", "lakini" na "kinyume chake". Ukiyaona, yapigie mstari. Mara nyingi jibu liko baada yake, wala si kabla yake.

(d) Kwanza, betri ikifa kinachopotea ni jina na hatua za mchezaji, lakini mchezo bado unachezeka. Kapasita zikivuja, mashine yenyewe huharibika. Pili, madhara ya betri hutokea kwenye katriji, ilhali madhara ya kapasita hutokea kwenye bodi ya mashine.

Swali la tofauti linataka pande mbili katika kila hoja. Mtahiniwa akiandika, "Betri ikifa hatua za mchezaji hupotea," akanyamaza, ametoa maelezo, hajatoa tofauti. Tumia viunganishi kama "lakini", "ilhali", "bali" au "wakati", ili anayesahihisha azione pande zote mbili bila kuzitafuta.

(e) Mwandishi ana maana kwamba kuifungia mashine na kutoitumia hakuizuii kuharibika wala hakuiponyi. Kuitunza ni kuifungua na kubadilisha vifaa vinavyozeeka.

Hii ni kauli ya kitamathali. Usieleze maana ya kabati wala ya hospitali. Tafuta kilicho kabla ya kauli na kilicho baada yake: kabla yake tunaambiwa mashine hufa ikiwa ndani ya boksi, na baada yake tunaambiwa ifunguliwe na itengenezwe. Maana imo katikati ya hayo mawili.

(f) Kwa sababu hesabu ya muda ya mchezo ilipangwa kwa televisheni za chogo. Televisheni bapa huchelewa kidogo kuonyesha picha, hivyo bunduki inapoangalia haikuti mwanga inaoutafuta.

Swali la "kwa nini" halijibiwi kwa kusimulia. Ukieleza skrini inavyokuwa nyeusi na kisanduku cheupe kinavyotokea, umejibu "inafanyaje kazi". Rudi kwenye neno la swali kabla ya kuweka nukta ya mwisho.

(g) (i) yalifurika: yalijaa kupita kiasi; (ii) wanaosita: wanaoshindwa kuamua kwa haraka kwa sababu ya wasiwasi; (iii) kutafuna: kula au kuharibu kidogo kidogo.

Kumbuka maneno "kama yalivyotumika katika habari". Kutafuna kwa kawaida ni kusaga chakula kwa meno. Majimaji hayana meno, basi maana hiyo haitakubalika hapa. Kumbuka pia kulinda umbo la neno: "yalifurika" ni kitenzi cha wakati uliopita, kwa hiyo maana yake nayo iwe katika wakati uliopita.

(h) Mwandishi haelemei upande wowote. Anaona kwamba mashine halisi na nakala zote zinahitajika, kwa sababu mashine bila nakala itazeeka na nakala bila mashine itakuwa pungufu.

Katika aya ya 6 mwandishi anatumia maneno "husema kwamba" mara mbili. Hayo ni maoni ya watu wengine. Msimamo wake unajitokeza katika aya ya 7. Mtahiniwa aliyeishia aya ya 6 atajibu kwa upande alioupenda yeye, na atakosa.

(i) UFUPISHO

Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Andika wazo kuu la kila aya katika rasimu.

Aya ya 3: Kupuliza hakukuwa dawa, kurudisha katriji ndiko kulikosaidia, pumzi huleta kutu.
Aya ya 4: Betri ikifa au ikitolewa, hatua za mchezaji hupotea, nakili kwanza.
Aya ya 5: Kapasita huvuja hata mashine isipotumika, zibadilishwe.
Aya ya 6: Emuleta huokoa michezo, lakini haziwezi kurudisha kila kitu.
Aya ya 7: Michezo mingi haiuzwi tena, mashine na nakala zote zinahitajika.

Hatua ya 2: Ondoa visivyo vya lazima. Mifano kama Duck Hunt, Game Gear na MAME, majina ya watu na kampuni, miaka na asilimia, vyote vimo katika habari ili kusaidia hoja. Wazo likisimama bila mfano, mfano huondoka. Vivyo hivyo kwa tamathali: "kabati si hospitali" hugeuzwa kuwa lugha ya kawaida.

Hatua ya 3: Unganisha mawazo kwa mtiririko wa habari yenyewe. Usihamishe wazo la aya ya 7 kulileta mwanzo. Usiongeze maoni yako.

Hatua ya 4: Hesabu maneno. Ukizidisha, kata maneno yanayorudiarudia, usikate hoja.

Ufupisho wa mfano:

Wapenzi wa mashine za zamani za michezo ya video hujadili namna ya kuzihifadhi. Zamani watoto walipuliza katriji wakidhani pumzi ndiyo dawa, kumbe kilichosaidia ni kuiingiza upya. Unyevu wa pumzi huleta kutu. Betri ya katriji ikifa, mchezo hubaki lakini hatua za mchezaji hupotea, hivyo zinakiliwe kabla ya kuibadilisha. Kapasita zikivuja huharibu njia za umeme hata mashine isipotumika, hivyo hazina budi kubadilishwa. Programu za kuiga mashine hueneza na kuokoa michezo, ila haziwezi kurudisha kila kilichotegemea vifaa vya zamani. Kwa kuwa michezo mingi haiuzwi tena, mashine halisi na nakala vyote vinahitajika.

(Maneno 88)

Hesabu mwenyewe uhakikishe. Kisha linganisha na rasimu ya Hatua ya 1 uone kama kuna hoja iliyoanguka njiani.

MAKOSA YANAYORUDIWA NA WATAHINIWA

1. Kunakili sentensi nzima kutoka kwenye habari na kuiita ufupisho. Kuchagua sentensi si kufupisha. Neno la kitaalamu kama "kapasita" unaweza kulibakiza, lakini sentensi iwe yako.

2. Kupunguza hoja badala ya maneno. Mtahiniwa akifika maneno 95 na bado yuko aya ya 5, huziacha aya mbili za mwisho, ambazo ndizo zenye msimamo wa mwandishi. Gawa maneno yako kabla ya kuanza: aya tano kwa maneno 100 ni wastani wa maneno 20 kwa kila aya.

3. Kubadili maana. Kuandika "betri ikifa mchezo hupotea" ni kosa. Habari inasema mchezo bado unachezeka. Kinachopotea ni hatua za mchezaji. Neno moja limeharibu jibu zima.

4. Kujibu kwa neno moja pale swali linapotaka maelezo. "Hapana" katika swali la (c) ni mwanzo wa jibu tu.

ZOEZI LA KUJIPIMA

Tumia habari ileile. Jipe dakika 25 bila kutazama majibu yaliyotangulia.

1. Fupisha aya ya 1 na ya 2 kwa maneno yasiyopungua 40 na yasiyozidi 50. (Dokezo: katriji ilibadili nini? Soko lilianguka kwa nini? Nani aliendelea?)

2. Mwandishi anasema betri "haitatoa taarifa" siku itakapokufa. Eleza maana ya kauli hiyo na ujumbe anaotaka kuutoa kwa wanaosita. (Dokezo: soma sentensi mbili za mwisho za aya ya 4.)

3. Tunga sentensi moja moja kwa kutumia maneno haya: gumzo, shehena, kizazi. (Dokezo: sentensi yako ionyeshe maana ya neno. "Nimeona shehena" haionyeshi kitu.)

4. Taja kitu kimoja nyumbani au shuleni kwenu kinachodhaniwa kuwa salama kwa sababu kimefungiwa, kumbe kinaharibika. Kwa aya moja, eleza chanzo cha uharibifu huo na hatua ya kuchukua. (Dokezo: fuata mpangilio wa aya ya 5: kifaa, chanzo, madhara, suluhisho.)

Ukimaliza, mpe mwenzako asahihishe kwa kuuliza swali moja tu kwa kila jibu: "Umelitoa aya ya ngapi?" Kwa swali la 4, ambalo jibu lake linatoka kwako, aulize: "Una hakika hicho ndicho chanzo, au ni jambo lililotangulia tu?"